Chupa Zilizobanduliwa Majina

RISALA YA AKINA MAMA WASHAURI WA KITUO CHA AFYA CHA KIAMURATHA, MUKURWEINI
Imesomwa na katibu wa kikundi, Beth Wamae

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, Bi. Gacheri Gikunda, Mkurugenzi wa Programu ya Mama na Mtoto Salama. Daktari wetu, Dkt. Wambugu, wauguzi, na nyinyi akina mama mliopata mabenchi na mliokosa:

Karibu Kiamuratha. Umetoka Meru, ukauzunguka mlima, halafu ukamalizia na hii barabara yetu ambayo ikinyeshewa haina urafiki na mtu. Tumeviona viatu vyako. Pole sana, mama. Maji ya moto yako jikoni, na ukitoka hapa kuna mtu atakusaidia kuviosha.

Tulikuwa tumekuandalia nyimbo mbili na mchezo mmoja. Tumevifuta. Ndani ya faili uliyopewa uliposhuka garini mna risala iliyopigwa chapa vizuri, kurasa tatu, haina hata doa. Tuliiandika wiki tatu zilizopita tukiwa na furaha yetu. Tunakuomba uifunge na uiweke chini. Hii tutakayoisoma imeandikwa kwa mkono siku ya Ijumaa, na tuliigombania sana, hata wawili kati yetu hawajasemezana mpaka leo.

Tumeomba pia mlango ufungwe na wapiga picha wasubiri nje na chai yao. Usiogope, hatujakuteka nyara. Humu ndani mna wafanyakazi wa kituo na akina mama wa kliniki yetu tu, na tutakayoyasema ni mambo ya watu wenye majina. Wamekubali majina yao yasomwe. Jina moja tu halitasomwa, la mtoto, kwa sababu yeye bado ni mdogo na hajaulizwa.

Risala hii ni yetu sote kumi na mmoja. Lakini mmoja wetu utamsikia kuliko wengine. Anaitwa Kabura, ni yule mwenye sweta la kijani mwisho wa benchi la pili. Usimkazie macho sana, tafadhali. Kuja tu leo amekuja kwa shida.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, kila mmoja wetu anaishi na virusi vya UKIMWI, na kila mmoja wetu alijifungulia hapa mtoto asiye navyo. Hiyo ndiyo shahada yetu. Kazi yetu ni kumshika mkono mama mjamzito aliyepimwa na kupatikana navyo, tumfundishe kumeza dawa zake, tumfundishe kumpa mtoto dawa ya maji kila siku wakati wote anaponyonya, na kumleta mtoto apimwe damu akiwa na wiki sita, tena miezi sita, na kuendelea mpaka aache titi na tupate jibu la mwisho.

Kabura ndiye aliyekuwa wa kwanza. Msichana wake Wachuka ana miaka kumi na minne, ni mrefu kumshinda mama yake, na damu yake ni safi. Lakini siku zile Kabura akimnyonyesha, wifi yake aliiona chupa ya dawa dirishani, akalisoma jina, akaenda nalo kisimani. Kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua. Kikombe cha Kabura kikatengwa. Kanisani, kwenye kwaya, aliyekuwa akisimama kushoto kwake akahamia kulia, na aliyekuwa kulia akaanza kukohoa.

Kabura hakulia mbele ya mtu. Alikata kauli moja: hakuna mama mwingine wa Kiamuratha atakayeumbuliwa na chupa.

Basi alipokuwa mshauri akatufundisha kazi. Beseni la maji moto, magadi kidogo, chupa inalala humo mpaka karatasi ilegee. Halafu unaingiza ukucha pembeni na kuvuta polepole, bila pupa, karatasi inatoka nzima kama ganda la ndizi. Gundi inayobaki unaisugua na mafuta ya kupikia. Chupa za vidonge tulizishindilia pamba ndani, zisije zikacheza mama akitembea. Tulibandua mamia. Kabura alifuga kucha mbili za vidole gumba kwa ajili hiyo tu, na tulikuwa tunamtania kwamba akifa tutamzika na beseni.

MAFANIKIO

Mafanikio tunayasema, ingawa leo yanatukaa kooni.

Kwa miaka miwili iliyopita, kitabu cha kituo hiki kinaonyesha kwamba hakuna mtoto hata mmoja aliyepata virusi kutoka kwa mama yake. Wenzetu wa Mweiga na wa Kiganjo walikuja kujifunza kwetu. Tuliwaonyesha beseni, wakapiga picha. Tuliwaonyesha pia ujanja wetu mwingine wa itega. Wewe ni wa Meru, mama, na kwenu mtoto akizaliwa mnajua la kufanya, lakini kwetu wanawake hujipanga, wakabeba kuni mgongoni, unga, sukari na maharagwe meusi ya njahi kwenye viondo, wakaenda kumwona mzazi. Hakuna mama mkwe anayeweza kuwafungia mlango wanawake wa itega. Kwa hivyo sisi tuliingia mabomani hivyo, na dawa ya mtoto ikilala chini ya njahi. Majirani wakanywa uji nasi na wasijue lolote.

Na kwa kuwa nyumba ya mzazi huwa imejaa watu, tulijifunza kutoa ripoti bila maneno. Mshauri anaingia, anatafuta chupa kwa macho, anaiona rafuni. Anatikisa kichwa kuuliza. Mama anatikisa kichwa kukubali. Tunarudi kituoni tunaandika: dawa inatolewa vizuri.

Tulijisifu sana kwa hayo. Mungu atusamehe, tulijisifu.

TULIPOKOSEA

Mgeni rasmi, hii sehemu haimo kwenye ile karatasi yako iliyopigwa chapa.

Mwaka juzi, mwezi wa Machi, aliingia hapa mama mmoja kijana anaitwa Wacera. Alikuwa ameshinda miezi Mweiga akichimba viazi vya watu, na mimba ilikuwa imefika mwezi wa nane bila kuona kliniki. Akapimwa, akapatikana. Akaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo, lakini daktari akatuonya kwamba muda ni mchache, virusi vyake vitachelewa kushuka, na kwa hivyo dawa ya mtoto ndiyo ukuta wenyewe. Kabura akapewa amshike mkono.

Wacera alimwomba kitu kimoja. "Auntie, huko nyumbani wasijue. Mwai ataniacha, na mama yake si atanitoa kwa boma? Mimi sina pengine pa kuenda."

Mwai ni mumewe, anaendesha bodaboda. Mama yake tunamwita Cucu Wangui, yaani nyanya Wangui; wanaishi boma moja. Kabura alimjibu vile angetaka yeye mwenyewe kujibiwa siku zile. "Hawatajua. Niachie mimi."

Mtoto akazaliwa mwezi wa Aprili, mvulana. Akapimwa wiki sita, damu safi. Kabura alicheza pale nje kwenye ukoka mpaka leso ikamdondoka. Jumamosi iliyofuata tukajitwika kuni, sisi saba, tukaenda itega. Chini ya njahi kulikuwa na chupa kubwa ya miezi mitatu, kwa maana tulitaka Wacera asionekane akiingia kituoni mara kwa mara. Kabura ndiye aliyeibandua. Ilitoka safi kabisa, hata sisi tuliisifu.

Nyumba ilijaa. Cucu Wangui alitupokea kwa uji na vicheko, akambeba mjukuu akimwonyesha kila mtu. Kabura na Wacera wakaingia jikoni eti kupakua uji. Huko ndiko chupa ilikotoka kiondoni. "Saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, mpaka kwa huu mstari," Kabura akamnong'oneza, akimwonyesha bomba la kupimia. Hapo jirani mmoja akaingia kuchukua kikombe. Mafunzo yakaishia hapo.

Wacera akaiweka chupa rafuni kati ya vitu vya mtoto. Akarudi kazini kwenye kituo cha kukusanya maziwa, na mchana mtoto alibaki na nyanya yake.

Sasa tunayoyasema tuliyajua baadaye. Wiki ile ile mtoto alisumbuliwa na tumbo. Cucu Wangui akaenda dukani akanunua dawa ya tumbo, ile nyeupe. Kifuniko chake kikapasuka. Akaangalia rafuni akaona chupa nzuri, imara, ina maji meupe ndani na haina hata herufi moja. Akainusa, akaigeuza, akatafuta maandishi. Hakuna. Akaimwaga nje, akaiosha, akatia humo dawa ya tumbo. Ikiisha, anaongeza nyingine. Hakumwambia mtu, kwa sababu kwake halikuwa jambo la kusimulia.

Na Wacera, kila asubuhi saa kumi na mbili kabla ya kwenda kazini, akachukua bomba, akavuta mpaka kwenye mstari, akampa mtoto wake dawa ya tumbo. Hakuruka siku.

Kabura alipita pale mara nne. Aliiona chupa rafuni. Akatikisa kichwa. Wacera akatikisa kichwa. Mara ya nne alimuuliza kwa sauti ndogo kama dawa imebaki, akajibiwa imebaki nyingi. Mtu mwingine angeshtuka chupa ya miezi mitatu isiyoisha. Kabura akasema moyoni, huyu msichana ni mwangalifu, hamwagi hata tone.

Mwezi wa Oktoba majibu ya miezi sita yakaja. Mtoto alikuwa ameambukizwa.

Mgeni rasmi, tunaomba radhi kwa yaliyofuata. Tulimkalisha Wacera kwenye chumba kile cha mizani, tukamzunguka kama askari. Kabura ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, kwa maana ndiye aliyempenda kuliko wote. "Sema ukweli! Ulikuwa unampa, ama ulikuwa unanitikisia kichwa ya bure?"

"Nilikuwa nampa, auntie. Kila siku. Aki ya Mungu nilikuwa nampa."

"Kama ulikuwa unampa, hii ni nini?" Na akamwekea ile karatasi ya majibu mapajani.

Wacera aliisoma na kuirudia, halafu akaanza kusema kwamba labda alikuwa anavuta kidogo, labda bomba lilikuwa na hewa, labda siku ile mtoto alipotapika angempa tena. Tulimwacha ajihukumu. Hatukumzuia.

Kesho yake Kabura akaenda bomani, Wacera akiwa kazini. Cucu Wangui alikuwa amembeba mtoto, moto umewaka, viazi viko jikoni. Kabura akaitazama ile chupa pale rafuni, akaona imejaa mpaka shingoni. Akaishusha, akaifungua, akachovya kidole, akaonja. Ladha ile aliijua. Alimnywesha Wachuka dawa hiyo hiyo ya tumbo miaka mingi.

"Cucu, hii chupa si ilikuwa na dawa ingine?"

"Ĩĩ, ilikuwa na kitu," akasema Cucu Wangui, hana habari. "Nilimwaga. Haikuwa na jina. Mimi siwezi peana kitu haina jina kwa mtoto wa kijana yangu. Sasa wewe ungepeana?"

Kabura akaifunga chupa. Angejibu nini? Yule mama alikuwa amefanya kile tunachofundisha kila Jumanne kwenye hii hii kliniki: usimpe mtoto dawa usiyoijua. Katika sisi sote, aliyefuata mafunzo ni yeye ambaye hakuwahi kufundishwa. Kabura akairudisha chupa rafuni, akaketi, akaletewa uji akauweka chini.

TULICHOFICHA

Kabura alirudi akatuambia sote, hapa hapa, akiwa amesimama. Alitaka kwenda kwa Wacera jioni hiyo. Sisi tukamzuia. Tukasema, ukimwambia Wacera lazima umwambie na Cucu, ukimwambia Cucu lazima Mwai ajue, na siri tuliyoapa kuilinda itakuwa barabarani. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini tuseme ukweli, tulikuwa pia tunajitetea wenyewe. Tuliogopa kusikia kituo kingine kikisema, hao wa Kiamuratha na beseni yao.

Msimamizi wa kituo wa wakati ule, ambaye amekwisha kuhamishwa, alikuwa na woga wake. Akatoa shauri kwamba mtoto aandikiwe uhamisho, akachukulie dawa kwenye kituo cha mbali, magari mawili na pikipiki, ili kitabu chetu kibaki vile kilivyo. Tukakubali. Hakuna aliyetushikia panga. Dkt. Wambugu amekuja miezi minne iliyopita na hakujua lolote mpaka Ijumaa tulipomwambia. Alitoa miwani akaifuta muda mrefu sana.

Kwa hivyo, mama, ile sifuri iliyokuleta kutoka Meru ni ya uongo. Mtoto yupo. Ametolewa tu kitabuni.

Kwa miezi kumi na minne Wacera amembeba mtoto huyo huku na huku akiamini ni mkono wake uliokosea. Aliacha kuja kwenye mikutano yetu. Sisi tukasema amekata tamaa, na tukaandika hivyo. Kabura akakata zile kucha zake mbili. Hakuna aliyemtania tena.

Mwezi jana Wacera alikosa nauli mara mbili mfululizo. Dawa za mtoto zikaisha. Akaja hapa kwetu, kwa miguu, akaomba apewe japo za wiki moja. Aliyekuwa mezani alimjibu, "Hapa hatuna mtoto kama huyo kwa kitabu." Aliyekuwa mezani alimjua Wacera, alimjua mtoto, na alijua kwa nini hayumo kitabuni. Aliyekuwa mezani ni Beth Wamae, anayekusomea risala hii. Ameomba sentensi hiyo isiondolewe.

Mtoto alikaa siku tisa bila dawa mpaka mhubiri mmoja akawachangia nauli. Siku tisa, mama. Akalazwa na homa ya mapafu. Amepona, lakini daktari wa kule amesema hatamhakikishia mtu kitu kama jambo hilo litarudiwa.

Halafu ikaja barua yenu ya kutupongeza, na maneno ya ubao wa shaba wa kutundikwa ukutani: "Hakuna Mtoto Aliyeambukizwa." Tukaanza mazoezi ya nyimbo. Kabura alikaa kando siku mbili. Ya tatu akasimama akasema, "Mimi naenda kwa Wacera. Mkitaka mniondoe kwa kikundi, mniondoe nikirudi."

Alimkuta shambani akichuma kahawa. Alimwambia yote amesimama kati ya mistari miwili ya mibuni, debe la Wacera likiwa nusu. Wacera hakupiga kelele.

"Kwa hivyo nilikuwa nampa," akasema.

"Ulikuwa unampa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Chupa ndiyo ilikuwa si yenyewe. Mimi ndiye nilibandua jina."

"Na ulijua lini?"

"Oktoba ile. Siku ya pili yake."

Wacera akakaa chini kwenye udongo. Alilia mpaka akachoka, na Kabura hakuthubutu kumgusa. Halafu akauliza, "Mwaka mzima na zaidi, auntie, unapita kwa barabara, unaniona nikijiua na hii kitu, unanisalimia tu. Ulikuwa unaweza aje?" Kabura anasema hilo ndilo swali ambalo hajalipatia jibu, na hataki tumsaidie kulijibu.

Jioni hiyo Wacera akamwambia mumewe na mama mkwe, yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Mwai alitoka na pikipiki akarudi baada ya siku mbili. Alirudi. Amepimwa, hana virusi, na bado anaonekana kama mtu aliyegongwa. Hakumfukuza mtu. Cucu Wangui hakula siku hizo zote mbili. Alhamisi akamtuma mtu amwite Kabura, akamuuliza swali moja tu. "Ile dawa nilimwaga, inaitwa nani?"

Kabura akamwambia ni nevirapini. Akamwomba alirudie. Cucu Wangui akalitamka mara tatu, akijikwaa, halafu akasema, "Mngeniambia hiyo jina, ningeshika hiyo chupa kama yai."

CHANGAMOTO

Kwenye ile karatasi iliyopigwa chapa changamoto ni sita: ukosefu wa mabuti ya mvua, choo na kadhalika. Mabuti bado tunayahitaji, hatukatai. Lakini changamoto yetu kubwa ilikuwa sisi wenyewe. Tulijua aibu vizuri sana kwa sababu tuliionja, tukaamua kuificha badala ya kuikabili. Tulimwogopa mama mkwe hata tusimuulize kama ni wa kuogopwa. Tulimlinda Wacera dhidi ya watu ambao wangemsaidia. Tumehesabu maboma ambamo nyanya ndiye anayeshinda na mtoto mchana kutwa: ni karibu yote. Na katika hayo yote, hakuna nyanya hata mmoja aliyewahi kuambiwa kitu na sisi.

Wacera hajatusamehe. Kabura hakaribishwi bomani kwake kwa sasa, na hatukuandika risala hii ili umwombe abadili moyo. Ana haki ya hasira yake.

MAOMBI

Kwanza, ule ubao wa shaba ambao uko kwenye gari lako, tunakuomba urudi nao. Tunajua maana yake. Tunajua kwamba mikataba yetu inaisha mwezi wa sita na kwamba vituo vyenye sifuri ndivyo vitakavyofikiriwa mbele. Tumelijadili, tumelia, na bado tunasema urudi nao.

Pili, tupatiwe chumba chenye mlango. Kimoja tu. Chupa zitoke hapa na majina yake, na mama aje humo na yeyote anayemwamini, awe mume, mama mkwe au dada, afundishwe pamoja naye bila kunong'ona. Asiye tayari kumwambia mtu tutamngojea, lakini hatutambandulia chupa tena. Lile beseni linatumika kuoshea sufuria tangu Ijumaa.

Tatu, Kabura amemwandikia daktari barua ya kuacha kazi. Sisi hatuombi akataliwe wala akubaliwe. Tunaomba barua yake isomwe mwisho, baada ya za sisi kumi tulioficha pamoja naye. Ziko kwenye bahasha ya kahawia.

La nne ndilo lililotufanya tufunge mlango huu. Mtoto arudishwe kwetu. Aandikwe kwenye kitabu chetu, kwa wino, kama aliyeambukizwa mikononi mwetu, ili dawa zake azipate hapa, dakika ishirini kwa miguu kutoka kwao. Dkt. Wambugu ameandaa uhamisho, lakini amesema kwa kuwa kitabu kilishapelekwa kwenu na kufungwa, inahitajika sahihi yako. Dawa alizo nazo mtoto zitatosha mpaka Jumatano.

Mgeni rasmi, Wacera amekuja. Yuko nje ya lango, amembeba mtoto, na Cucu Wangui amewashikia mwavuli. Tumewaomba waingie, wamekataa. Wacera amesema mara ya mwisho alipoingia aliambiwa hapa hakuna mtoto kama huyo, na hataingia tena kwa kuitwa na mmoja wetu. Ataingia akiitwa na mwenye kitabu.

Mwenye kitabu ni wewe, mama. Kalamu iko mezani, na kutoka hapo ulipoketi mpaka langoni ni hatua kama hamsini. Matope tunajua ni mengi. Tunakuomba uende.

Mungu akujalie safari ya amani kurudi Meru, awaweke watoto wa kliniki hii wote, walio kitabuni na asiye kitabuni, na atupe sisi nguvu ya kuwatazama mama zao machoni.

Ni sisi, Akina Mama Washauri wa Kiamuratha, kumi na mmoja kwa idadi, Kabura akiwa mmoja wetu.